Asali ya Magoti

Waliponipa kazi ya kuandika wasifu wa shangazi Skola hawakuniuliza kama ninaweza. "Si wewe ndiye mwandishi?" alisema baba mkubwa Leonadi, akanikabidhi karatasi mbili zilizochanwa kwenye daftari la shule. "Usizidishe ukurasa mmoja. Padri ana mazishi mengine Makanyagio saa kumi." Nikaingia nazo kwenye chumba cha nyuma, chumba kile kile nilichokaa nikiwa binti, chenye kitanda cha chuma na dirisha la nyavu linalotazama uani. Nikaandika kwamba alizaliwa, kwamba alibatizwa Skolastika, kwamba alikuwa fundi wa dawa za miti shamba na mama wa wengi. Hapo nikasikia lori linazima injini barabarani. Waombolezaji wa Majimoto na Usevya walikuwa wamefika, na wanawake walikuwa wanashuka mmoja mmoja, wakikaza khanga viunoni, wakianza kulia kabla hawajaingia getini. Niliwatazama kupitia nyavu. Nilidhani watatu wa mwanzo ni ndugu wa tumbo moja. Akashuka wa nne, wa tano, wa saba. Mashavu ya mviringo, yamejaa, yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya kula. Macho yamebanwa na nyama yakawa madogo. Nundu laini nyuma ya shingo. Tumbo kubwa, na chini yake miguu myembamba, kama ya mtu mwingine. Walikuwa Wapimbwe na Wafipa na Wasukuma, wengine bibi, wengine umri wangu, hawana damu moja hata kidogo, lakini sura ilikuwa moja. Kalamu ilinishinda. Sura ile niliifahamu. Niliwahi kuivaa mwaka mzima.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kilo tisini na moja, na nilitaka kuwa askari wa hifadhi. Nilitaka kulala kambini, kuvaa buti, kutembea porini na watu wasiosema sana. Kulikuwa na majaribio ya kukimbia kwenye kiwanja cha mpira hapo Mpanda mjini, na nikiwa kwenye foleni kijana mmoja nyuma yangu, mwombaji kama mimi, alinigusa begani akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Dada, viboko tunao wa kutosha." Foleni nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, na hilo ndilo lililoniuma baadaye kuliko maneno yenyewe. Nilikimbia mizunguko miwili, wa tatu nikautembea, wa nne nikaukalia. Mkufunzi aliyekuwa na saa alinisogelea, akaninong'oneza bila kejeli, "Binti, nia unayo. Punguza mwili, rudi mwakani. Ila umri nao haukusubiri, mwakani ndiyo ya mwisho kwako." Nikatoka pale nikiwa na mwaka mmoja mkononi, kama mtu aliyepewa ndoo moja ya maji avuke nayo kiangazi.

Shangazi Skola alinipokea bila maswali, akanipa hicho chumba cha nyuma. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi nilitoka kwake Kawajense, nikashika njia ya vumbi kandokando ya reli mpaka stesheni, nikageuka, nikarudi. Niliacha ugali, niliacha sukari, niliacha maandazi ya jirani yaliyokuwa yananifuata kwa harufu mpaka chumbani. Mchana nilikula matembele ya kuchemsha bila mafuta, tango, na ndimu iliyokamuliwa kwenye maji ya uvuguvugu. Shangazi aliona ni matusi. Alikuwa mtu wa kupika samaki wa migebuka wa kukausha kwa nazi na wali wa Mpimbwe unaonukia mpaka nyumba ya tatu, akakaa kwenye kigoda ananitazama nikitafuna majani. "Mtoto wa kaka yangu anakula kama sungura," alimwambia jirani kupitia ukuta. "Ameachwa?" jirani akauliza. "Hata hajashikwa, aachwe na nani?" Wakacheka wote wawili, nami nikasikia kila neno, nikaongeza ndimu.

Jumamosi nilikwenda kujipima kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kwa sababu mizani ya magunia ndiyo peke yake niliyoiamini. Jofrey, kijana mwendesha mashine, mweupe kichwa mpaka miguu kwa vumbi la pumba, alinipisha kati ya gunia na gunia. Nilipanda kwenye bamba la chuma, nikasimama wima kama mshtakiwa, yeye akasukuma jiwe la mizani kwa kidole. Wiki ya kwanza tisini na moja. Ya pili tisini. Ya tatu themanini na tisa na nusu, nikashuka ninacheka. Wiki hiyo hiyo magoti yakanigomea. Yalivimba, yakawa ya moto, nikawa nashuka kitandani kwa kujishikilia ukutani. Nililia kwa hasira, siyo kwa maumivu. Nilikuwa nimeanza kupungua, na miguu ndiyo inayonisaliti.

Shangazi aliingia na chupa ndogo ya plastiki na kijiko. Ilikuwa asali yake, ile aliyokuwa anawauzia wakulima, asali nyeusi ya Inyonga iliyochanganywa na unga wa magome na mizizi. Watu waliiita asali ya magoti. "Kijiko kimoja kila asubuhi kabla hujala," alisema. "Usiruke hata siku moja. Dawa yangu haipendi kuachwa." Niliilamba. Ilikuwa tamu, kisha nyuma ya utamu kukawa na uchungu mkavu uliobaki kwenye ulimi, kama mtu aliyeingia chumbani nyuma ya mgeni uliyemtarajia. Siku ya tatu magoti yalikuwa ya mtu mwingine. Nilikimbia mpaka stesheni nikapitiliza. Nilirudi naimba, na nilipofika getini shangazi alikuwa amesimama na mikono kiunoni. Akaniangalia magoti, siyo uso. Nilifikiri anafurahi. Leo naamini alikuwa anapima.

Njaa ilianza wiki ile. Siijui njaa nyingine kama ile, na nimewahi kulala bila kula. Ilikuwa inanguruma ndani yangu kama mashine ya Jofrey isiyozimwa. Nilikunywa maji, nikakojoa, nikanywa tena. Nilitafuna majani yangu huku mkono ukijiendea kwenye sufuria ya wali, na nilipomweleza shangazi akasema, "Ni mwili unajijenga, mwanangu, vumilia." Nilivumilia. Naapa kwamba miezi ile sikuiba hata punje. Lakini Jumamosi ilipofika Jofrey alisukuma jiwe, akalirudisha, akalisukuma tena. Tisini na mbili. Jumamosi iliyofuata, tisini na nne. "Dada Editha," alisema, "mpunga wote ukipita hapa unapungua. Wewe tu ndiye uliyekataa kukobolewa." Nikaongeza mbio. Nikawa nakimbia asubuhi na jioni. Nikaacha hata tango. Tisini na saba. Uso wangu ukaanza kuwa mduara, mashavu yakang'aa, na watu njiani wakaanza kunisifu. "Shangazi yako anakutunza! Umenawiri!" Kwao mtu akinenepa ni habari njema, hakuna anayeuliza habari hiyo imetoka wapi. Nilipooga niliona tumboni na mapajani michirizi mipana ya zambarau, kama mtu amenipitishia kucha huku nimelala. Nikigonga ukingo wa meza mkono ulivilia damu kwa wiki mbili. Nikaona ni adhabu ya uvivu. Ndivyo tulivyofundishwa: mnene ni mtu aliyekula, na kama anasema hajala, basi anakula kwa siri. Nilianza kujitilia shaka mimi mwenyewe, nikawa nahesabu vipande vya samaki kwenye sufuria kujua kama kuna nilichochukua bila kujijua.

Kuna sauti moja ya nyumba ile ambayo nimeisikia miaka yote, hata nikiwa mbali nayo kabisa. Magome na mizizi shangazi aliyatwanga uani kwenye kinu, mbele ya kila mtu, huku anapiga soga. Lakini kila Alhamisi asubuhi alijifungia stoo, na kutoka huko ilisikika chupa ya soda ikibingirishwa juu ya sinia la bati. Krr. Kimya. Krr. Polepole, kama mtu anayesukuma chapati za kioo. Niligonga mara moja. "Shangazi, nikusaidie?" Chupa ikasimama. "Nasaga magome," alijibu kupitia mlango. Kinu kilikuwa hapo nje mbele yangu, kikavu, kimegeuzwa juu chini. Nilikiona. Nikaenda kukimbia.

Ijumaa tulikwenda Majimoto na katoni ya chupa, tukipita katikati ya pori la hifadhi, na kila tulipovuka daraja nilichungulia viboko waliorundikana kwenye tope, nikageuza uso. Sokoni shangazi alitandika turubai kati ya wauza mchele na wauza vipuri vya pikipiki, akanisimamisha juu ya benchi. Sikujua mapema kwamba kazi yangu itakuwa hiyo. "Mtazameni huyu!" alipaza sauti. "Mnaona ukubwa? Huyu anakimbia kilomita nane kila siku ya Mungu! Kaa, mwanangu. Simama. Kaa. Simama. Mmesikia goti lake likilia? Kama linambeba huyu, lako wewe uliyekauka hivyo litashindwa nini?" Watu waliangua kicheko, wakanunua. Nikakaa, nikasimama. Mwili nilioutaka uondoke ndio uliokuwa bango letu, na kadiri ulivyokua ndivyo bango lilivyoonekana kwa mbali. Wanawake waliokuwa wanainamia mpunga toka jua halijachomoza walijishika viuno wakinitazama, na sijasahau walivyonitazama. Ilikuwa imani.

Aliyeniamini kuliko wote alikuwa mzee Bukuru. Alikuja nchini mtoto mgongoni mwa mama yake kutoka Burundi, akapata uraia akiwa na wajukuu, na alikuwa na mashamba ya mpunga upande wa chini wa Majimoto. Alipokuja kwetu mara ya kwanza alikuwa amepinda kama jembe. Mwezi uliofuata alikuja amenyooka, akachukua gunia la mtu, akalipandisha begani, akalizungusha soko zima. "Mama Skola," alisema huku anahema na kucheka, "umenirudishia mgongo wa ujana. Mke wangu sasa ananiogopa!" Mkewe, aliyekuwa nyuma yake na kikapu, akampiga kofi la bega. "Mzee hana haya. Mpe chupa mbili, labda ya pili itamrudishia na adabu." Mwishoni mwa mwaka uso wa mzee Bukuru nao ulikuwa umeanza kuwa mduara. "Tunafanana sasa, mwanangu," aliniambia, akinishika shavu. "Wewe utakuwa binti yangu." Tulicheka tulivyofanana.

Mwezi wa tatu mvua ilikata barabara. Mto ulipanda juu ya daraja na kwa karibu wiki tatu hakuna gari lililovuka kwenda Majimoto wala kwingine Mpimbwe. Shangazi hakukaa. Alikwenda stendi asubuhi, akaenda tena mchana, akauliza madereva kama kuna pikipiki inayoweza kupita, kama kuna mtumbwi, kama kuna mtu yeyote anayekwenda kwa mguu. Nilidhani anawaza biashara. Wali uliungua jikoni mara mbili wiki ile, mtu ambaye sijawahi kumwona akiunguza hata maji. Barabara ilipofunguka tulikuwa kwenye gari la kwanza, na tulipofika Majimoto mke wa mzee Bukuru alikuwa amekaa sokoni kwenye sehemu yetu, juu ya mawe, amefunga kitambaa cheusi. "Aliishiwa," alisema. "Nikamwambia angoje, Mama Skola atakuja. Siku ya pili akasema mwili wote unauma. Akatapika. Ya nne akashindwa kuinuka, jasho linamtoka na mwili wa baridi kama samaki. Tukambeba kwenye pikipiki kumpeleka zahanati, katikati yangu na kijana wa pikipiki. Nikasikia kichwa kinanilalia kifuani. Nikasema amesinzia." Aliangalia chini. "Majirani wanasema amerogwa. Mwenzetu mmoja mjane tayari hawamsalimii, eti ndiye." Shangazi alimshika mikono. Halafu akawapa chupa wote waliokuwa wakingoja, chupa mbili mbili, akiwasisitiza wasiache hata siku moja, hata wakisafiri, hata wakiugua. Njiani kurudi alitazama pori mpaka tukakaribia mjini. Kisha akasema, siyo kwangu, kwa kioo cha dirisha, "Barabara ndiyo iliyomuua."

Ningepaswa kuuliza. Lakini majaribio yalikuwa yamebaki miezi miwili na mimi nilikuwa na kilo mia moja na nne, na kichwani mwangu hapakuwa na nafasi ya marehemu. Hilo ni la kusikitisha kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilimlilia mzee Bukuru siku moja, na kilo zangu nilizililia kila siku. Wiki ya mwisho, kilo zikiwa bado mia moja na nne, nilikaa kitandani nikapitia kila kinachoingia kinywani mwangu. Matembele. Maji. Ndimu. Kijiko cha asali. Nikashtuka. Asali ni sukari! Mwaka mzima nimejinyima sukari kwenye chai, na kila asubuhi nalamba kijiko kizima. Nikaona nimemkamata mwizi. Jumamosi hiyo niliimwaga asali yangu ya siku ile kwenye shina la mgomba nyuma ya choo, na kila asubuhi iliyofuata nikawa namwaga kijiko changu hapo hapo, kwa siri, maana nilijua shangazi ataumia.

Kila asubuhi aliniuliza. "Umelamba asali?" "Nimelamba, shangazi." Siku ya pili viungo vyote viliniuma kama nimepigwa. Siku ya tatu chakula kilininukia vibaya, na kwa mara ya kwanza kwa miezi kumi ile njaa ilizimika, ghafla, kama mashine iliyokatiwa umeme. Nilitapika maji matupu nikatabasamu. Siku ya nne nilikwenda kwa Jofrey nikiwa nashika kuta za watu njiani. Alisukuma jiwe, akalirudisha, akaguna. Mia moja kasoro moja. "Heh! Leo umekobolewa!" alipiga kelele, akazima mashine ili wote wasikie, na wabeba mizigo wakanipigia makofi. Kilo tano ndani ya siku chache! Nilisimama juu ya bamba lile la chuma huku masikio yanavuma na jasho la baridi linashuka mgongoni, na sijawahi kuwa na furaha kama ile maishani. Nilikuwa nakufa, na nilikuwa nashangilia kila hatua. Nyumbani shangazi alinishika paji la uso, akavuta mkono. "Editha. Nitazame. Umelamba asali?" Sauti yake ilikuwa nyembamba. Nilimtazama machoni, nikasema, "Nimelamba."

Siku ya tano ndiyo ilikuwa ya majaribio. Nakumbuka mstari wa chokaa, nakumbuka filimbi, nakumbuka mzunguko wangu wa kwanza wa kiwanja na miguu kana kwamba inatoka kwenye tope. Mzunguko wa pili chokaa ilinijia usoni.

Nilipozinduka nilikuwa na dripu mkononi na daktari mdogo wa kike alikuwa anatazama tumbo langu, anapitisha kidole juu ya michirizi ya zambarau. "Unatumia vidonge gani?" "Situmii." "Mafuta ya kujichubua?" "Situmii. Nakula majani na asali." Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na kikapu. Daktari aliinua macho akamwona, wakatazamana, kisha akatoka naye nyuma ya pazia. Nilisikia yote. Pazia lile lilikuwa kitambaa tu. "Ni vile vidogo vyeupe," shangazi alisema. "Vya uvimbe wa viungo. Navisaga, nachanganya. Asali yangu ya zamani, ya magome matupu, ilikuwa inachelewa. Watu wanainamia mpunga kutwa, daktari. Ningewapa nini, pole?" Daktari akamwambia, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara, kwamba kuna tezi mbili juu ya figo zinazoupa mwili nguvu ya kusimama, kwamba vidonge vile vikitumika muda mrefu vinanenepesha, vinapandisha sukari, vinaoza mifupa, na zile tezi zinalala kwa kuwa kazi yao inafanywa na mwingine, na kwamba mtu akiviacha siku moja ghafla, anabaki hana kinachomsimamisha. Vinaachwa kidogo kidogo, miezi, hospitalini. "Mama," daktari akauliza, "umewapa watu wangapi?" Nilisikia tu kikapu kikiwekwa sakafuni.

Niliporudi nyumbani alipiga magoti mbele yangu kwenye sakafu ya saruji, shangazi, mbele ya mtoto wa kaka yake, jambo ambalo sikuwa nimeliona na sikutaka kuliona. "Usimwambie mtu. Watanichoma na nyumba. Nitawapunguzia kama daktari anavyokupunguzia wewe, kidogo kidogo, mpaka ibaki asali tupu. Hawatajua hata ilipokwisha." Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilimpenda. Nilimwinua nikamwambia nimeelewa. Mwili wangu ulipungua wenyewe, bila mbio, bila ndimu, kilo kwa kilo, kadiri vidonge vya daktari vilivyopunguzwa. Niliondoka Mpanda na uso wangu wa zamani. Nilimpigia simu kila Jumapili kwa miaka kumi na mmoja na sikumuuliza hata mara moja. Hata alipoanza kulalamika kiu. Hata kidonda cha mguu wake kilipokataa kupona, nikajua kwamba yeye mwenyewe alikuwa analamba, hata kilipomuua. Watu husema mwaka ule ulinifanya kuwa mwandishi. Ulinifundisha kunyamaza kwanza. Kuandika kulikuja kama deni la kunyamaza.

Basi nilikuwa na karatasi mbili, nyuso zile uani, na mkono usiotaka kuandika. Ilikuwa siku ya nne sasa tangu Skola afe. Hapakuwa na mtu wa kusaga tena, na hakuna aliyewaambia.

Nilisoma wasifu nimesimama karibu na jeneza, ukurasa mmoja kama nilivyoagizwa, kisha nikageuza karatasi. Nikawaambia kilichokuwa ndani ya asali. Nikawaambia msiiache ghafla, msiiache leo wala kesho, twendeni wote hospitali mpunguziwe, na nikamtaja mzee Bukuru kwa jina. "Funga mdomo wako!" baba mkubwa Leonadi alisema. "Soma yaliyoandikwa!" "Yameandikwa," nikajibu. Mama mmoja akapiga kelele kwamba namtukana marehemu mbele ya maiti yake. Mwingine akasema, "Wa mjini hawa, wakishapona wao!" Padri alitazama saa. Wakaanza wimbo juu ya sauti yangu, na jeneza likainuliwa.

Hapo ndipo mwanamke mmoja, mduara wa uso, mwembamba wa miguu, alipokuja akanishika mkono. Alitoka Usevya. Kiganja chake kilikuwa baridi kama samaki. Alitoa chupa kwenye fundo la khanga, akaigeuza juu chini, haikudondosha kitu. "Yangu iliisha Jumatatu, mwanangu," alisema, huku jasho limemjaa juu ya mdomo. "Leo siku ya ngapi?" Nikahesabu, naye akahesabu pamoja nami kwa vidole. Tulipofika kidole cha tano magoti yake yakakunjika, nikamdaka, tukashuka chini pamoja.

Nilipiga kelele waite bajaji. Na kutokana na alichosema daktari, nilijua kwamba mtu aliyefikia pale hafiki hospitali bila kupewa kile kile kinachomuua. Nikageukia umati, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiuliza, "Nani ana asali?" Wimbo ulikatika. Mikono iliingia kwenye mikoba, kwenye mafundo ya khanga, kwenye vifua vya magauni, chupa zikatokea moja baada ya nyingine, nyingi kuliko nilivyohesabu dirishani. Nikachukua ya kwanza. Nikakiinua kichwa cha yule mama, nikamlambisha kwa kidole changu, mara moja, mara mbili, asali nyeusi ya shangazi yangu, na pole pole akafumbua macho, akameza.

Bajaji ilikuwa inaingia getini. Nyuma yangu, kati ya waombolezaji, nikasikia mtu akimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, yenye faraja:

"Umeona? Si nilikwambia ni dawa."